Mvuvi Aliyeitwa Fainali
Mhadhara kuhusu raga, warithi wa timu ya taifa, na neno lililotoka Butiama

Mwezi Oktoba 2011 mwanamume mmoja alikuwa kando ya mto Waikato, New Zealand, na wavu wake. Alikuwa akivua samaki wadogo wa msimu, weupe, wembamba kama njiti, ambao mvuvi wa Mwigobero, Musoma, akionyeshwa angesema hao ni dagaa wa ugenini. Simu za kocha zilimpita asizipokee. Mvuvi huyo aliitwa Stephen Donald, na aliyekuwa akimtafuta ni Graham Henry, kocha wa timu ya taifa ya raga ya New Zealand, All Blacks. Kombe la Dunia lilikuwa likichezwa nyumbani kwao, na timu ilikuwa imeanza kuishiwa watu wa jezi namba 10.

Namba 10 katika raga ni dereva na kondakta kwa wakati mmoja. Ndiye anayeamua mpira upigwe kwa mguu, ukimbizwe au urushwe kwa mwenzake, na mara nyingi ndiye anayepiga mipira ya adhabu. Dan Carter, ambaye wengi walimhesabu kuwa bora duniani katika nafasi hiyo, aliumia mazoezini tarehe 1 Oktoba. Akaingia Colin Slade. Naye akaumia katika robo fainali dhidi ya Argentina. Akaingia Aaron Cruden. Goti likamsaliti ndani ya fainali yenyewe, kabla ya mapumziko. Aliyekuwa amebaki benchi ni yule mvuvi.

Na hakuwa kipenzi cha watu. Mwaka mmoja kabla, mjini Hong Kong, New Zealand ilifungwa na Australia 26–24, na lawama nyingi zikamwangukia Donald. Alikuwa amekwisha kusaini mkataba wa kwenda kuchezea klabu ya Bath, Uingereza. Siku ya fainali, 23 Oktoba 2011, aliingia katika uwanja wa Eden Park, Auckland, na jezi iliyombana kama ya mdogo wake. Dakika ya 46 akapiga mpira wa adhabu ukapita katikati ya nguzo: pointi 3. New Zealand 8, Ufaransa 7. Nchi iliyokuwa haijalishika kombe hilo tangu 1987 ililishikishwa na mtu wa nne.

Mhadhara huu ni wa huyo mtu wa nne. Timu ya taifa inayoshinda mwaka huu inafanya nini leo ili ishinde tena baada ya miaka 10, wakati mashujaa wa sasa watakuwa na vitambi na magoti mabovu? Raga inafaa kwa swali hilo kwa sababu huumiza watu kuliko michezo mingi, na timu isiyo na akiba huumbuka upesi. Tena ina sheria moja ambayo mgeni huishangaa: mpira haurushwi mbele kwa mkono. Anayekimbia nao anaweza kumrushia tu aliye sambamba naye au nyuma yake. Kwa hiyo mchezaji wa raga, hata akiwa mbio kama swala wa Serengeti, lazima ajue ni nani anayekuja nyuma.

Kwa watu wa Musoma, Bunda na Butiama, ambao wengi wao raga wanaiona kwenye runinga tu, kuna sababu nyingine ya kulisikiliza jambo hili. Wao ndio wenye neno lake.

Kung'atuka ni neno la Kizanaki. Kwa Wazanaki lilihusu wazee wa rika moja kuachia madaraka ili rika linalofuata lishike. Katika jamii nyingi za mkoa wa Mara uongozi ulikuwa zamu. Waikoma na majirani zao huliita rika saiga. Wakurya wanapanga vizazi vyao katika mizunguko miwili, Saai na Chuma, na kila kizazi kinajua tangu mwanzo jina la kizazi kitakachokifuata. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge, Musoma, ndiye aliyelibeba neno hilo mpaka likawa la taifa zima, alipoacha urais tarehe 5 Novemba 1985. Kiswahili kilikuwa tayari na kustaafu, kujiuzulu na kuondolewa, maneno yanayomtazama anayetoka. Kung'atuka kunawatazama wawili, anayetoka na anayeingia.

Wala hiyo 1985 haikuwa mara yake ya kwanza. Januari 1962, wiki 6 tu baada ya Uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda mikoani kuijenga TANU. Kikosi kikajaribiwa bila nahodha wake wakati nahodha bado yupo na anaweza kuitwa. Disemba mwaka huohuo akarudi, safari hii kama rais. Makocha wa raga hufanya hivyo kwa makusudi: humpumzisha nyota katika mechi ambayo timu inaweza kumkosa, ili siku isiyoweza kumkosa isiwe siku ya kwanza.

Siku hiyo huja bila kubisha hodi. Tarehe 12 Aprili 1984 ajali ya barabarani karibu na Morogoro ilimuua Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye wengi walimtazamia kuwa mrithi wa Mwalimu. Msiba ule haukuirudisha nyuma safari ya kung'atuka. Benchi lilikuwa na watu, na mwaka uliofuata nchi ikakabidhiwa kwa Ali Hassan Mwinyi, ambaye miezi michache kabla ya ajali ile alikuwa amekabidhiwa Zanzibar iliyokuwa katika dhoruba ya kisiasa.

Kuna kipande cha habari hii ambacho husahaulika. Nyerere aliachia serikali 1985, lakini uenyekiti wa CCM aliushika hadi 1990. Kwa miaka 5 mrithi alikuwa na mzee pembeni yake. Wapo waliosema huko ni kuondoka kwa mguu mmoja. Mkulima wa Bunda anayelima kwa plau angewajibu kwa njia yake: fahali mgeni hafungwi nira na mgeni mwenzake. Hufungwa na maksai aliyelizoea shamba, anayejua pa kugeukia, mpaka mgeni naye apajue. Nira ya miaka ile ilikuwa na uzito wake, hilo halifichiki. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo Mwalimu aliyapinga kwa miaka, yalifikiwa 1986 chini ya Mwinyi. Azimio la Zanzibar, lililolegeza miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, likaja 1991, mzee akiwa amekwisha kuachia chama. Mrithi alicheza mchezo wake. Aliyepewa jezi hapewi na miguu ya aliyeivua.

Sasa turudi kwa New Zealand, maana mvuvi aliokolewa na jambo lililofanyika ofisini miaka 4 kabla. Mwaka 2007, mjini Cardiff, All Blacks walitolewa na Ufaransa katika robo fainali ya Kombe la Dunia, 20–18. Ilikuwa aibu ambayo kule ni karibu na msiba wa kitaifa, na kawaida ya nchi nyingi ni kwamba kocha wa aina hiyo anafika uwanja wa ndege akiwa hana kazi. Chama cha raga cha New Zealand kilimbakiza Graham Henry na wasaidizi wake. Walioshindwa Cardiff wakapewa nafasi ya kujifunza kutokana na kushindwa kwao wenyewe, na miaka 4 baadaye wakatwaa kombe. Henry akatoka, na mahali pake akakaa msaidizi wake wa miaka 8, Steve Hansen, ambaye 2015 alilitwaa tena kwa kuifunga Australia 34–17. Nahodha Richie McCaw alistaafu baada ya fainali hiyo akiwa na mechi 148 za kimataifa, na Kieran Read, aliyekuwa amekwisha kuiongoza timu mara kadhaa McCaw akiwa hayupo, akapokea bila kelele.

Timu hiyo ina desturi ambayo wageni hupenda kuisimulia. Baada ya mechi, wachezaji wakubwa kabisa hushika ufagio na kukisafisha chumba chao cha kubadilishia nguo. Mtoto wa miaka 20 aliyeitwa kikosini kwa mara ya kwanza anamwona nahodha wa dunia akikusanya matope ya viatu. Hapo hakuna semina ya uongozi inayohitajika.

Lakini mhadhara usiowasema wakubwa ni matangazo ya biashara. Mnyororo wa New Zealand nao una kutu. Hansen alipoondoka 2019 alirithiwa na msaidizi wake, Ian Foster, na safari hii maji yakawa mazito. Mwaka 2022 timu, ikiwa kwao, ilishindwa na Ireland katika mfululizo wa mechi 3, na uongozi ukatangaza kocha mwingine, Scott Robertson, hata kabla Foster hajaenda Kombe la Dunia la 2023. Foster akaipeleka timu hiyohiyo fainali, akashindwa kwa pointi 1. Kurithishana ndani ya nyumba kuna hatari ya kugeuka kuwa kulindana: msaidizi anapandishwa kwa kuwa yupo. Jamii za Mara zilikuwa na dawa yake. Zamu ilikuwa ya rika zima, wengi kwa pamoja, na hapakuwa na mtu mmoja aliyeandaliwa kama mtoto wa mfalme.

England ndiyo mfano wa upande wa pili, na hauhitaji maneno mengi. Ilitwaa Kombe la Dunia 2003 kwa teke la mwisho la Jonny Wilkinson, 20–17 dhidi ya Australia. Ndani ya mwaka mmoja nahodha Martin Johnson alikuwa amestaafu, Wilkinson yuko hospitalini zaidi ya uwanjani, na kocha Clive Woodward amejiuzulu. Juni 2004 Australia ile ile iliifunga 51–15 mjini Brisbane. Kikosi kilikuwa kimepikwa ili kiive siku moja, kikaiva siku hiyo, kikaungua siku iliyofuata.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria mambo yana utamu zaidi, kwa sababu yanahusu jirani, Kenya. Kisumu na Musoma zilikuwa vituo vya meli zilezile, na leo Kisumu ina mashindano yake ya raga ya wachezaji saba, Dala Sevens, sehemu ya mzunguko wa kitaifa unaopita Nakuru, Mombasa na Nairobi. Raga iliingia Afrika Mashariki na walowezi. Mwaka 1955 timu ya Afrika Mashariki iliwakaribisha British Lions, timu ya wageni kutoka Uingereza na Ireland, kwenye uwanja wa Ngong Road, Nairobi, na mchezo ulikuwa wa walowezi. Wangeondoka nao kama walivyoondoka na mbwa wao wa kuwindia, isingekuwa shule za sekondari na klabu kama Mwamba na Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, zilizowafungulia Waafrika mlango katika miaka ya 1970. Huo nao ulikuwa urithi, ingawa hakuna aliyeuandikia wosia.

Kutoka katika shule hizo walitoka ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera. Kayange, mkubwa, aliwahi kuwa nahodha wa Kenya. Mdogo akacheza pembeni yake mpaka akampita kwa sifa. Mwaka 2009 Kenya ya kocha Benjamin Ayimba ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba huko Dubai. Ikafika tena nusu fainali Moscow mwaka 2013, chini ya Mwingereza Mike Friday. Aprili 2016 Ayimba alikuwa amerudi kazini, na Andrew Amonde ndiye nahodha, Kenya ilipoichapa Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore na kutwaa kwa mara ya kwanza kombe la duru moja ya Msururu wa Dunia wa wachezaji saba. Mwezi uliofuata, mjini London, Injera akawa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika historia ya msururu huo, akiipita rekodi ya 230 ya Santiago Gómez Cora wa Argentina. (Trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani. Ni pointi 5, na ndilo bao tamu kuliko yote katika raga.)

Kwa hiyo Kenya haikukosa warithi uwanjani. Wachezaji walikuwa wakirithishana kama rika na rika, kaka kwa mdogo, shule kwa klabu, klabu kwa taifa. Tatizo lilikuwa kwingine.

Tangu Friday hadi 2023 timu hiyo ilipita mikononi mwa makocha wanane, ukiacha wa muda: Friday, Paul Treu, Ayimba, Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney, Simiyu kwa mara ya pili, Damian McGrath, Kevin Wambua. Ni kama miaka 10. New Zealand ilitumia watatu, Henry, Hansen na Foster, kuanzia 2004 hadi 2023. Timu ya watu 15 na timu ya watu saba si kitu kimoja, na Feeney aliondoka katika mwaka wa korona ambao hakuna aliyeupanga. Bado hesabu inaongea. Kila kocha mpya huja na mbinu zake, daktari wake na orodha yake ya vipenzi, na kijana aliyekuwa wa tatu kwenye orodha ya jana anajikuta wa kumi na tatu kwenye ya leo.

Mwaka 2018 unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Simiyu, nahodha wa zamani, alikuwa ameifikisha Kenya fainali mbili katika msimu mmoja, Vancouver na Hong Kong; zote Fiji ilishinda, lakini Kenya ilikuwa haijawahi kuwa na msimu wa namna hiyo. Juni ya mwaka huohuo, mjini Paris, wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wamelifunika jina la mfadhili mpya kwenye jezi zao, kwa malalamiko ya malipo. Mzozo ukafuata, mfadhili akajiondoa, wachezaji wakaadhibiwa, Simiyu akapoteza kazi. Msimu uliofuata wakongwe wengi hawakuwamo kwa sababu ya mikataba. Kenya ikapeleka kikosi kilichojaa chipukizi, ikanusurika chupuchupu kushushwa daraja.

Hao chipukizi hawakuwa na kosa. Ndio fahali wageni waliofungwa nira wao kwa wao. Mtu anaweza kusema kwamba walau walipata uzoefu, na kweli baadhi yao walikuja kuwa nguzo. Ila uzoefu wa kupigwa kila wiki ni shule ya ada kubwa, na wakongwe ambao wangewafundisha pa kugeukia walikuwa nyumbani wakifuatilia matokeo kwenye simu.

Benjamin Ayimba alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2021. Tarehe hiyohiyo, miaka 2 baadaye, Kenya ilikuwa London ikicheza na Canada mechi ya kuamua nani abaki daraja la juu. Kocha wa Kenya, Damian McGrath, ndiye aliyewahi kuipa Canada ubingwa wa Singapore mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya ule wa Ayimba. Canada ilishinda 12–7. Baada ya takriban miongo 2 ya kuwa miongoni mwa timu za kudumu za dunia, Kenya ikashuka.

Ikapanda tena mwaka mmoja baadaye, Madrid, Juni 2024, kwa kuifunga Ujerumani 33–15, chini ya Wambua, aliyewahi mwenyewe kuivaa jezi hiyo. Michezo ya Olimpiki ya Paris ilikuwa ya tatu mfululizo kwa Kenya, ikamaliza ya 9. Nchi yenye shule za kutosha haizikwi kirahisi. Uganda nayo, jirani wa ziwa hilihilo, imetwaa ubingwa wa Afrika wa wachezaji saba 2016, 2017 na 2022, wachezaji wake wengi wakitoka katika klabu chache za Kampala zinazojuana kama koo.

Kama kuna mahali palipowahi kuonyesha jinsi ofisi inavyoweza kutibu uwanja, ni Afrika Kusini. Septemba 2017 timu yake ya taifa, Springboks, ilipigwa na New Zealand 57–0. Mwaka 2018 akaja Rassie Erasmus, na Juni mwaka huohuo Siya Kolisi akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu hiyo katika mechi za kimataifa. Kombe la Dunia 2019 likaenda kwao, 32–12 dhidi ya England. Erasmus akampisha msaidizi wake, Jacques Nienaber, yeye akabaki mkurugenzi wa raga. 2023 wakatwaa tena, na Nienaber alipokwenda Ireland, Erasmus akarudi kwenye kiti. Wawili hao walibadilishana nira bila plau kusimama.

Fainali ya 2023, mjini Paris, ni darasa peke yake. Namba 2, yule anayeuvuta mpira kwa mguu katikati ya skramu, ule msukumano wa timu mbili zilizoinama, ni kazi ya ufundi ambayo haichezwi na kila mtu. Malcolm Marx, mmoja wa mafundi wawili wa Afrika Kusini, aliumia mazoezini wiki kadhaa kabla. Waliotegemea aitwe namba 2 mwingine walishangaa: aliyeitwa ni Handré Pollard, mpigaji wa namba 10. Makocha walikuwa na hesabu yao. Fundi wa pili, Bongi Mbonambi, akaumia dakika za mwanzo za fainali. Akaingia Deon Fourie, mwenye umri wa miaka 37, ambaye kikosini alikuwa akitumika zaidi katika nafasi nyingine, akaicheza kazi hiyo karibu mechi nzima. Afrika Kusini ikashinda 12–11. Pointi zote 12 alizipiga Pollard, mtu aliyekuja kujaza pengo ambalo halikuwa lake.

Mara nayo ina kumbukumbu za aina hii, na si zote za furaha. Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow, Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, Musoma, alitwaa medali ya fedha katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Filbert Bayi akatwaa fedha nyingine katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hizo medali mbili ndizo zote Tanzania ilizonazo katika historia ya Olimpiki. Paris 2024 haikuongeza. Alphonce Simbu aliitoa nchi machozi ya furaha Septemba 2025 aliposhinda marathon ya ubingwa wa dunia huko Tokyo, lakini miaka 45 kati ya mmoja na mwingine ni mirefu mno kuiita mfululizo. Nyambui alishinda kwa miguu yake, akasoma na kukimbia Marekani, akashinda marathon ya Berlin 1987 na 1988. Vijana wa Majita wa miaka ile walikuwa na mbio. Hawakuwa na mtu wa kuwafunga nira naye.

Kisha ipo Biashara United, timu ya Uwanja wa Karume, Musoma. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, ikamaliza ya 4 msimu wa 2020–21, ikaingia Kombe la Shirikisho Afrika na kuifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2–0 katika mechi ya kwanza. Ya marudiano haikuchezwa, kwa sababu timu haikufika Libya. Mwaka 2022 ikashuka daraja. Miguu ya wachezaji wale ilikuwa imekwisha kufanya sehemu yake. Safari, vibali na tiketi si kazi ya namba 10, na kiongozi wa timu anayezungumzia kuandaa warithi akiwa na maana ya wafungaji tu amesoma nusu ya ukurasa.

Ndiyo maana vyama vya michezo vinapoandika mipango yao ya miaka mitano, penye neno vipaji panastahili kuongezwa mistari mingine: nani atakuwa meneja baada ya meneja huyu, nani anajifunza kazi ya katibu, daktari wa timu anamfundisha nani, na siku mtunza fedha akiugua funguo ziko kwa nani. Kenya ilipotea hapo kwa miaka kadhaa ikiwa na wachezaji wa kuogopwa duniani. New Zealand ilijikomboa hapo ikiwa imetoka kushindwa.

Kwa kocha wa shule ya Bunda, Butiama au Musoma ambaye atausoma mhadhara huu, awe wa mpira wa miguu, netiboli, riadha au hata raga ikifika, ombi ni moja na halihitaji bajeti. Achukue daftari, aandike nafasi zote za timu yake, na mbele ya kila nafasi aweke majina manne. Atakapokwama kwenye jina la tatu, ajue mazoezi ya wiki ijayo yanaanzia hapo. Akimaliza, kwenye mstari wa chini kabisa aandike cheo chake mwenyewe, na mbele yake majina ya watakaomrithi.